Maji ya Kuoga

Kihesa, Iringa
9 Juni 2024

Mdogo wangu Hetal,

Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni yule mama wa Iringa uliyekaa naye benchi moja kwenye kliniki ya damu huko Mbeya, siku umeme ulipokatika na mashine ya vipimo ikagoma, tukasubiri mpaka njaa ikaanza kutuchekesha. Ulinigawia chapati zenu zile zenye majani ndani. Ukaniandikia anwani ya duka lenu nyuma ya kadi yangu ukasema, "Dada, tuko wangapi wenye damu nzito? Tusipotezane."

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati watu wote wamehamia kwenye simu. Sababu ni macho. Nikitazama kioo cha simu kidogo tu, pembeni mwa jicho vinaanza vimeta, kama mtu anachomelea geti, halafu kichwa kinanishika mpaka kesho yake. Na kukupigia nazungumza nini? Nyumba yetu haina dari. Ukikohoa chumbani, jikoni wanakupa pole. Ninalotaka kukuuliza si la kusikika. Barua haina shida, wale wa vifurushi kwenye basi wananifahamu kwa sababu ya masweta ya shule ninayofuma na kutuma Makambako.

Tangu waliponiambia mwili wangu unatengeneza damu kupita kiasi, nimefuata kila walichosema. Nakuja kutolewa damu, nameza vidonge, nakunywa maji. Vipimo vimeshuka, na daktari anafurahi. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Ni kuoga.

Nikimaliza kuoga, nikishajifuta, mwili mzima unaanza kuwasha. Si kuwasha kwa mbu wala kwa ukurutu. Ni kama sindano nyingi zinatoka ndani kuja nje, mahali ambapo kucha haifiki. Hakuna kipele, ukinitazama ngozi yangu ni safi kabisa. Inanishika mpaka naegemea ukuta nang'ata kanga nisipige kelele. Halafu inaondoka yenyewe kama haikuwepo, na mimi nabaki natetemeka, nimechoka kama niliyetoka kulima.

Nilienda zahanati moja hapa mjini. Wakasema ni upele wa kuambukiza, wakatupa dawa ya kupaka nyumba nzima. Mume wangu Anord, mtu wa malori ya mbao, alijipaka bila kulalamika akaenda zake Mafinga ananuka kama ng'ombe aliyetoka josho. Mimi nikaendelea kuwashwa. Na huko kliniki nilipotaka kusema, foleni ilikuwa imenilalia mgongoni, daktari akauliza, "Kichwa? Kifua? Miguu?" Nikajibu alichouliza tu.

Sasa nakuuliza wewe, maana ndiye mtu pekee ninayemjua mwenye damu kama yangu. Ukioga, unawashwa? Niambie ukweli, hata kama ni wa aibu.

Dada yako,
Evarista (Mama Vitus)


Mbeya mjini
21 Juni 2024

Shikamoo dada Evarista,

Nitakusahauje? Ulikula chapati zangu zote halafu ukaniambia zimekosa chumvi! Barua yako imefika ikiwa imefungwa kwa uzi wa sweta, mama mkwe wangu akadhani ni oda ya vitambaa. Nimemwambia ndiyo, ni mteja wa Iringa. Kwa hiyo sasa wewe ni mteja, na ikibidi nitakutumia mita kadhaa za kitambaa ili uongo wangu usimame.

Kwetu ni salama. Tunaishi juu ya duka, ngazi moja tu, kwa hiyo siku nyingine jua nalionea mlangoni. Mume wangu Yash anashinda njia ya Mbalizi kugawa mizigo. Mama Kumud, mama mkwe, anakaa kwenye kiti chake kando ya kaunta na kuhesabu wanawake wanaoingia na watoto mgongoni. Anafikiri sioni.

Mimi, dada, sijambo kabisa. Dawa zimenikubali. Kuhusu hilo uliloniuliza, hapana, mimi hilo sina. Labda ni maji ya huko au sabuni. Jaribu sabuni isiyo na manukato. Maji yasiwe ya moto sana wala ya baridi sana. Usijisugue na taulo, jipigepige taratibu, na usitoke bafuni mpaka mwili uzoee hewa. Paka mafuta ya nazi ungali na unyevu. Na vaa nguo laini, sufu usiiguse kabisa saa hiyo.

Usijitie hofu. Itapita.

Mdogo wako,
Hetal


Kihesa
16 Julai 2024

Mdogo wangu Hetal,

Nimefanya yote uliyoniandikia. Mafuta ya nazi nimepaka mpaka shuka zinanuka wali. Haikusaidia.

Ulipoandika kwamba wewe huna, nilirudia kusoma hapo mara nyingi. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni ugonjwa wetu. Kama wewe una damu ileile na unameza dawa zilezile na huwashwi, basi si damu. Basi ni mimi.

Na baridi ya mwezi huu unaijua. Maji yawe ya moto, yawe ya vuguvugu, nikitoka tu na ule upepo wa Kihesa ukinigusa, inaanza. Mama mkwe wangu alishuka kutoka Kilolo akasema hakuna cha damu hapa, huo ni upupu, kuna mtu ananimwagia kwenye nguo zikiwa kambani. Akachemsha kila nguo niliyonayo. Kisha akamtazama jirani yangu Esnath, ambaye tunatumia kamba moja ya kuanikia. Hakumtaja, alimtazama tu. Esnath si mjinga. Ameng'oa upande wake wa kamba, na sasa tukikutana njiani anainamia viatu vyake. Mwanamke huyo ndiye aliyenishika mkono nilipomzaa Vitus.

Nilirudi zahanati. Daktari mwingine, kijana mpole tu, akaniuliza, "Mama, nyumbani kuna matatizo?" Nikasema yapo, nawashwa. Akatabasamu, akaandika dawa za usingizi. Akasema mawazo yakizidi hutokea kwenye ngozi.

Nikuambie ninachofanya sasa? Usimwambie mtu. Naingia bafuni na ndoo yangu, nafunga komeo, namwaga maji sakafuni kopo kwa kopo ili wasikie naoga. Kisha natoka mkavu. Najifuta kwapa na miguu kwa kitambaa, na hata hicho kitambaa kinaniadhibu. Kwenye kwaya nimehamia benchi la dirishani. Nikiona mtu amejisogeza kidogo nasema moyoni, amesikia harufu.

Siku chache ninazooga kweli, Anord akinigusa bega naruka kama nimeguswa na waya wa umeme. Hakuuliza. Wiki iliyopita alichukua mto wake akaenda kulala chumba cha Vitus, ambaye yuko chuoni Dodoma. Asubuhi akaniambia, "Nimeona unataka nafasi." Nilitaka kusema sitaki nafasi, nataka mtu. Lakini alikuwa ameshavaa koti.

Kama ingekuwa nyumba imenifungia ningevunja mlango. Kwenye ngozi yangu mwenyewe nitatokea wapi?

Evarista


Mbeya
12 Agosti 2024

Dada yangu,

Naandika harakaharaka, dukani wamejaa watu wa harusi.

Mwambie Anord. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mwanaume asipoambiwa atajaza pengo mwenyewe, na akijaza atajaza vibaya. Na usiache kuoga, tafadhali, utaugua kitu kingine. Kama ni kuogopa kusikika, kuna njia. Fungua bomba mpaka mwisho, kelele ya maji inafunika kila kitu. Samahani, nimesahau, wewe unatumia ndoo.

Mimi nina jambo langu, nalo ulifiche. Nimevipumzisha vile vidonge. Wenyewe wameandika kwenye pakiti kwamba mwanamke anayetaka mtoto asivitumie. Mama Kumud amesubiri miaka sita na mimi nina thelathini na tatu. Yash hajui, angenikatalia. Najisikia vizuri tu, ila tumbo hapa juu kulia linajaa, nadhani ni gesi, nakunywa tangawizi.

Niombee kwenye kwaya yako, hata kama ni kutoka dirishani.

Hetal


Kihesa
3 Septemba 2024

Hetal,

Kwanza lako. Rudi kliniki. Kama unataka mtoto mwambie daktari nataka mtoto, usijitibu kwa tangawizi. Hivi umesahau walivyotuambia, damu ikiwa nzito inaweza kuganda popote? Sikutishi. Nakuomba kama ndugu.

Sasa langu. Nilimwambia.

Jumamosi Anord alirudi mapema kuliko nilivyotegemea, nami nilikuwa nimeamua siku hiyo nioge kweli, kesho yake kulikuwa na ubatizo jumuiyani. Ilinishika vibaya kuliko siku zote. Nilikuwa nimekaa sakafuni najikwangua miguu kwa gunzi la mahindi, damu inatoka, silii wala nini, napumua tu kama mbwa. Komeo nilikuwa nimesahau. Akafungua mlango.

Akasimama. Akasema, "Mama Vitus, unafanya nini?"

Nikasema, "Ni maji."

"Maji yamefanya nini?"

"Yananiwasha. Kila nikioga. Ni tangu damu hii."

"Maji," akasema. "Maji tunayooga wote?"

"Hayohayo."

Akachukua kanga akanifunika, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemfunika mgeni. Akasema, "Miaka yote hii tumeishi vizuri. Kama kuna mtu mwingine niambie. Kama umenichoka niambie. Lakini usiniambie maji."

Jumapili alikwenda Mafinga na hajarudi. Vitus amenipigia kutoka Dodoma kuuliza, "Mama, baba anasema anapakia mbao mwezi mzima, kweli?" Nikasema kweli.

Wewe uliniambia nimwambie. Ni rahisi kushauri ukiwa juu ya duka lako na ngozi yako imetulia. Ungekuwa nayo hii, Hetal, hata kwa siku moja, usingeniandikia habari za bomba.

Evarista


Mbeya
27 Oktoba 2024

Kwa dada Evarista,

Shikamoo. Jina langu ni Yash, mume wa Hetal. Hatujaonana. Unisamehe Kiswahili changu, ni cha dukani, kuandika sijazoea.

Hetal amelazwa. Tumbo lilivimba ghafla likawa kama la mjamzito, na mama yangu kwa siku mbili alifurahi. Kisha macho yakawa ya njano. Madaktari wakasema damu imeganda kwenye mishipa ya ini. Ilikuwa karibu sana, dada. Sasa anapata dawa ya kuyeyusha na maji ya tumbo wameyapunguza. Anaongea kidogo. Jana aliniambia, "Mwandikie mteja wangu wa Iringa, mwambie sikunyamaza kwa hasira." Nikauliza mteja gani, ndipo akanieleza wewe ni nani, na kwamba barua zako zote alizichana baada ya kuzisoma.

Habari ya vidonge nimeijua hospitali, mbele ya manesi. Mama yangu hali chakula, anasema yeye ndiye amemfanyia hivi kwa macho yake. Wiki hii ni Diwali na hatujawasha taa hata moja.

Kuna jambo nataka kukuuliza, kwa sababu una ugonjwa mmoja na mke wangu na wewe ni mwanamke mkubwa kwake. Sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Mke wangu analia bafuni. Si mara moja, ni miaka mitatu. Anafungua bomba mpaka mwisho akifikiri sisikii, lakini chumba chetu kimepakana na bafu, na mimi nakaa upande wa pili wa ukuta nasikiliza. Anaugulia kama mtu anayechomwa. Akitoka anatabasamu, anaenda moja kwa moja dirishani, anasimama pale amekunja ngumi, na nikimkaribia anasema, "Subiri kidogo, Yash, subiri kidogo." Nimesubiri miaka mitatu. Nilifikiri ni kwa sababu ya mtoto. Nikafikiri labda ni mimi, harufu yangu au mikono yangu, labda alilazimishwa kuolewa nami. Hospitali wanamfuta kwa kitambaa kitandani, na jana alipofutwa nilimwona anauma shuka. Nesi alidhani ni ini linauma. Mimi nilijua ni kile cha bafuni.

Dada, ni kitu gani? Yeye anasema hakuna kitu. Kama unajua, niambie. Hata kama kinaniumiza.

Wako kwa heshima,
Yash


Kihesa
2 Novemba 2024

Mdogo wangu Yash,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama pale ofisi ya vifurushi, mpaka wakanipa kiti.

Nakujibu swali lako kwanza, mengine baadaye. Si wewe. Sikia vizuri, si mikono yako wala harufu yako, na hakuna aliyelazimishwa. Ni maji. Mke wako akioga mwili wake unawashwa vibaya kupita anavyoweza kukueleza, na hakuna alama, na kila mtu anayemweleza atamtazama kama wanavyonitazama mimi hapa nyumbani. Najua kwa sababu ninayo hiyohiyo. Anapokuambia "subiri kidogo" ana maana hiyo tu. Anasubiri ipite ndipo aweze kuguswa.

Nilimuuliza mwezi wa sita kama anayo, akaniambia hana. Nilipofika kwenye neno bomba kwenye barua yako ndipo nilipoelewa. Sitakuficha, nilikasirika. Miezi yote hii nimejiona kichaa kwa sababu ya neno lake moja. Lakini mgonjwa wa ini hasomewi hasira, kwa hiyo usimwambie hili. Nitamwambia mwenyewe akipona.

Nafanya jambo ambalo hakuniruhusu, kukueleza siri yake. Akinichukia anichukie akiwa hai. Mwambie daktari bingwa, mwambie wewe, usisubiri akuulize. Sijui kama ni damu. Lakini watu wawili wa kwenye benchi moja hawawezi wote kuwa wamelitunga.

Na nikuombe msamaha. Barua yako nimempa mume wangu aisome. Alikuwa amerudi kutoka Mafinga kuchukua sweta zake, hakuja kukaa. Nilimwekea mezani nikasema, "Hii si yangu, ni ya mwanaume mwenzako, isome." Akavaa miwani. Alisoma polepole sana, Anord si mtu wa kusoma. Alipofika ule ukurasa wa bafuni akavua miwani akaifuta, akavaa tena. Kisha akasema, "Huyu bwana naye alikuwa anakaa upande wa pili wa ukuta."

Nikamuuliza, "Naye? Na nani?"

Akasema, "Unafikiri nilipokuwa chumba cha Vitus nilikuwa nalala?"

Hakuchukua sweta. Lori limekwenda Mafinga na dereva mwingine.

Mpe Hetal maji ya kunywa kutoka kwangu, si ya kuoga. Na mama yako mwambie ale.

Dada yako,
Evarista


Mbeya
24 Novemba 2024

Dada Evarista,

Nimerudi nyumbani. Naandika nimelala, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Yash alipoleta barua yako hospitali nilimgeuzia mgongo. Nilikuchukia kweli, dada, kama ulivyosema. Kisha daktari bingwa alipita na kundi lake. Mama mkwe alikuwa upande huu, Yash upande ule. Daktari alisoma faili, akafunga, akauliza, sauti ya kawaida tu kama anauliza nimekula nini: "Na ukitoka kuoga, ngozi inawasha?"

Dada, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo isipokuwa wewe. Nikafungua mdomo niseme hapana. Nimeshazoea, linatoka lenyewe. Yash akasema, "Ndiyo, daktari. Miaka mitatu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. Akasema ni ya damu hiihii, inajulikana, wengi wanayo, na wengine inawatokea kabla hata ugonjwa haujagundulika. Akasema kuna dawa zinazowasaidia baadhi na wengine haziwasaidii, tutajaribu. Aliongea kidogo hivyo, akaenda kitanda kinachofuata. Mama Kumud ndiye aliyeanza kulia, kwa sauti, akiwa ameshika miguu yangu juu ya shuka. Nilipokuwa bibi harusi, ikiwa bado ndogo, nilijikuna siku moja mbele ya wageni, akasema pembeni kwa Kigujarati, "Tumeletewa wa upele." Sikumwambia kamwe kwamba nilisikia. Bado sijamwambia.

Unataka kujua kwa nini nilikudanganya. Nilisoma swali lako nimesimama kaunta na moyo ukaniruka kwa furaha, nikasema, kumbe si mimi peke yangu! Kisha nikawaza: nikikubali ni ya damu, basi damu haijatulia, basi vidonge ni vya kudumu, basi mtoto hakuna. Nikaandika hapana. Nikakuandikia kila nilichokuwa najua kuhusu taulo na mafuta, nikidhani nimekulipa. Uliposema "basi ni mimi", nililia. Na bado sikuandika.

Sasa nina dawa ya kuzuia damu kuganda, na vidonge nimerudia. Mtoto, daktari amesema ini kwanza, habari hiyo isiguswe mwaka mzima, na baadaye kama tutaigusa itakuwa kwa sindano maalumu ambayo haipatikani kirahisi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Siruhusiwi kushuka ngazi. Kwa hiyo jua lenyewe sasa nalionea dirishani. Yash amehamisha kitanda kikae karibu.

Sikuombi unisamehe upesi.

Hetal


Kihesa
15 Desemba 2024

Mdogo wangu Hetal,

Sijakusamehe upesi. Barua yako nimekaa nayo. Kuna siku nilianza kukuandikia maneno ambayo nashukuru mvua iliyovuja juu ya meza iliyafuta. Ningekuwa na "ndiyo" yako mwezi wa sita, Esnath angekuwa bado ananisalimia, na Anord asingelala chumba cha mtoto. Hilo nataka ulijue, halafu basi. Mimi pia ningeweza kumwambia daktari hata foleni ikinisukuma, na sikusema.

Nimekwenda kliniki, Anord akanisindikiza. Njiani, tulipofika Chimala, akanunua hindi la kuchoma akanipa lote. Ndani, kabla sijakaa, nikasema, "Daktari, leo naanza mimi. Nikioga nawashwa." Akasema, "Hukuniambia." Nikasema, "Hukuniuliza." Tukatazamana, akacheka kidogo kwa aibu na mimi nikacheka. Amenipa kidonge kimoja kipya. Kimepunguza labda robo. Mengine bado. Ameniambia nisitegemee kwamba itaondoka yote, na nimeona ni afadhali kuambiwa hivyo.

Nilikwenda kwa Esnath. Alinisikiliza mlangoni bila kunikaribisha. Nilipomaliza akasema, "Mama mkwe wako ndiye anayepaswa kuja." Ana haki. Mama mkwe amesema Kilolo ni mbali.

Kwa hiyo usidhani huku kumefunguka. Bado niko ndani ya ngozi hii, na kila nikichemsha maji najiona kama ninayekwenda kuchapwa. Kuna siku bado namwaga tu sakafuni. Anord anajua tofauti ya sauti, anasema maji yanayoanguka kwenye saruji hayalii kama yanayoanguka kwenye mtu.

Leo Jumapili, baada ya misa, nikaoga kweli. Sikufunga komeo. Nilipojifuta ikaja, mapaja kwanza, kisha mgongo, kisha kila mahali. Nikaketi kwenye kigoda nimeshika magoti. Anord akaingia, akageuza ndoo akaikalia. Hakunigusa. Nilidhani ataniambia pole, na pole imeshanichosha. Badala yake akauliza kama anavyowauliza madereva wake kwenye simu:

"Imefika wapi?"

Meno yalikuwa yamebana. Akasubiri. Akauliza tena.

"Mabegani," nikasema. "Imejaa mabegani."

"Haya."

Tukakaa. Nje kuna mtu alikuwa anapasua kuni. Akauliza tena, nikasema mikononi. Akauliza, nikasema imerudi mgongoni, nikaanza kulia, kwa sababu ikirudi huwa inakaa. Hakusema usilie. Akasogeza ile ndoo karibu kidogo, magoti yake yakakaribia yangu bila kugusana.

"Sasa imefika wapi?"

"Magotini."

"Inashuka?"

"Sijui."

"Basi tusubiri," akasema, akakunja mikono ya shati lake jeupe la misa, na tukasubiri.

Dada yako,
Evarista